Sekunde Hazimo Kidoleni

Katika mchezo wa bastola ninaoucheza, hesabu ni moja tu: pointi ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Jawabu lake ndilo linalokupa nafasi yako. Ukipata pointi 60 kwa sekunde 10, una 6. Mwenzako akipata pointi 52 kwa sekunde 8, ana 6.5 na amekushinda, ingawa risasi zako zote zilikaa katikati na zake nne zilikwenda kando kidogo. Hesabu hiyo niliielewa siku ile ile nilipoelezwa. Mwili wangu uliielewa baadaye sana, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika, kwa sababu tunaoupenda mchezo huu hapa Malindi ni wachache na kijana anayetaka kuanza hapati wa kumuuliza kwa Kiswahili.

Mimi ni sonara, kazi niliyorithi kwa baba. Bastola niliiomba kwa ajili ya kazi hiyo, maana dhahabu haikai pahali pamoja na anayesafiri nayo hujulikana. Kenya silaha ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hutaja ni silaha gani na ni risasi ngapi unaruhusiwa kununua na kuweka. Nilipokipata niliona si haki, mbele ya Mungu wala mbele ya jirani zangu, kulala na kitu kile ndani ya nyumba nisijue kukitawala. Nikamtafuta mzee mmoja, askari mstaafu aliyeoa upande wa kwetu, ambaye alikuwa akishiriki mashindano. Namwita ami, ingawa si ndugu wa baba. Yeye huniita mwanangu.

Kwa muda mrefu ami hakunipa hata risasi moja. Alinianzisha na kanuni nne alizozieneza Mmarekani Jeff Cooper, huyo huyo aliyekuwa rais wa kwanza wa IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Kila silaha ihesabu kuwa imejaa. Usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka jicho limeshaoana na shabaha. Jua unacholenga na kilichoko nyuma yake. Kuzisoma ni pumzi moja. Ami alitaka mikono yangu izisome: kuichukua bastola tupu mezani, kuiinua, kuirudisha kwenye ala, kutembea nayo kutoka pembe hii ya chumba hadi ile, na muda wote huo yeye hatazami kitu kingine ila kidole changu cha shahada. Kikiingia ndani bila sababu husema, "Kidole, mwanangu," kwa sauti ya chini, na tunaanza upya.

Uwanjani kanuni hizo zina meno. Mtutu ukigeuka kupita nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta la udongo lililo mbele yako, shindano lako limekwisha, hata kama bastola ilikuwa tupu. Ukiiangusha, limekwisha. Risasi ikitoka wakati hukuikusudia, uwe unabadilisha magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, au unakimbilia kituo kingine, limekwisha. Hakuna faini wala kuonewa huruma kwa kuwa umetoka mbali. Pako pia pahali maalumu ambapo mchezaji anaweza kushika bastola yake bila msimamizi, meza iliyoelekezwa kwenye ukuta salama, akarekebisha ala au akafuta vumbi. Pale ukigusa risasi, hata moja, hata ya bandia, umetolewa. Bastola ina pahali pake na risasi zina pahali pake, na viwili hivyo hukutana tu mbele ya msimamizi aliyesimama hatua moja nyuma yako. Nimekuwa kwenye timu za mpira na nimesafiri na majahazi ya mbio, na sijaona mchezo unaoshika nidhamu kwa ukali wa namna hii. Ukali huo ndio ulionifanya niupende.

Sasa nirudi kwenye sekunde. Shabaha ni kipande cha kadibodi ya rangi ya khaki, kimegawanywa sehemu tatu: A katikati, C ikiizunguka, D pembeni kabisa. Kwa bastola ya kawaida ya milimita 9, A ni pointi 5, C ni 3, D ni 1, na kila shabaha huhesabiwa risasi mbili zilizo bora. Zipo bastola za nguvu kubwa zaidi ambazo C yao ni 4 na D ni 2. Nguvu hiyo hupimwa kwa mashine: uzito wa risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, ukagawa kwa 1000. Isipofika 125 unaweza kupiga ukitaka, lakini matokeo yako hayahesabiwi. Kukosa shabaha ni kupunguziwa 10, juu ya zile 5 ulizozipoteza. Na ziko shabaha za rangi nyingine, kwa kawaida nyeupe, zinazosimama badala ya watu wasiohusika, mara nyingi zimefunika nusu ya shabaha yenyewe. Ukiipiga hiyo, 10 nyingine.

Ukizisoma namba hizo kwa utulivu zinakwambia upige vipi. Anayekwenda kwa kiwango cha 6, sekunde moja kwake ni pointi 6. C badala ya A inampunguzia pointi 2, ambazo ni theluthi ya sekunde. Basi akikaa sekunde nzima juu ya shabaha ili C iwe A, amenunua kwa bei ya hasara. Lakini risasi iliyokosa imechukua pointi 15, sawa na sekunde mbili na nusu, na hakuna mbio za kuzirudisha hizo. Yule mwenzako wa 6.5, kama A moja tu ingemkosa, angebaki na pointi 37 kwa sekunde 8. Hiyo ni 4.6, na ushindi ungekuwa wako.

Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapoamua kuharakisha kidole. Ami alinipeleka kwenye taima. Ni kijidubwana cha kutosha kiganjani, kinasikia mlio wa kila risasi na kuandika muda wake, kwa hiyo baada ya kupiga unaweza kurudi nyuma risasi kwa risasi. Tulikaa chini ya mkwaju tukazisoma namba zangu: robo sekunde, robo sekunde, halafu sekunde mbili kasoro kidogo, halafu robo, robo, halafu sekunde mbili tena. Ami aliweka ukucha wake kwenye pengo lile kubwa. "Hapa hakuna bastola, mwanangu. Hapa ni miguu na macho."

Tupige hesabu yake. Steji, yaani zoezi moja kati ya yale yanayounda shindano, hata ikiwa ndefu haizidi risasi 32. Tuseme ni shabaha 16, kila moja risasi mbili. Kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye shabaha moja, mlengaji wa wastani hutumia kama robo sekunde. Kwa shabaha 16 hiyo ni sekunde 4. Ukijitesa mpaka ukaishusha robo ile ikawa sehemu moja ya tano ya sekunde, umeokoa sekunde 0.8 kwa steji nzima, na kila risasi yako ya pili umeiweka hatarini. Steji hiyo hiyo tuseme ina vituo vitano vya kupigia, yaani unahama mara nne. Ukiingia kila kituo bastola imeshainuka, magoti yamekunjwa, jicho limeshaishika shabaha ya kwanza kabla miguu haijatulia, utaokoa nusu sekunde kila unapohama. Sekunde 2 hizo, na hakuna risasi hata moja uliyoiharakisha.

Tangu siku ile nilibadilisha mazoezi yangu yote. Sehemu kubwa nayafanyia nyumbani, kwa bastola tupu, na wenzangu huyaita mazoezi makavu. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake za mawe ya matumbawe nene kama urefu wa mkono, na chumba cha nyuma hakina dirisha la kuelekea mtaani. Baada ya sala ya isha, watoto wakishalala, risasi zote zinabaki zimefungwa chumba kingine. Naikagua bastola kwa macho, kisha kwa kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha naikagua tena. Ukutani nimebandika shabaha ndogo za karatasi, kwa vipimo vinavyozifanya zionekane kama za uwanjani zikiwa mbali. Kisha ni kuchomoa, kulenga, kurudisha. Kubadilisha magazini huku mguu wa kulia ukianza kuondoka. Kuingia kwenye mraba niliouchora sakafuni kwa chaki na kusimama bila kuyumba. Robo saa, si zaidi, kwa sababu mwili uliochoka hujifunza uzembe. Nikimaliza nasema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, na bastola inaingia kwenye kasha la chuma pale pale. Hiyo ya kusema kwa sauti alinifunza ami, na nawasihi wote wasiipuuze. Akili inayosema "mara moja ya mwisho" baada ya risasi kurudi mezani imewaponza wengi duniani.

Kidole chenyewe nakizoeza jambo moja tu: kubana kifyatulio mpaka mwisho bila kile kijino cha mbele juu ya mtutu kutikisika. Hapo usonara umenifaa. Anayezoea kuunganisha pete ya kikuku kwa moto mdogo anajua mkono unatulia pale pumzi inapotulia, na macho yanachoka kabla ya mkono. Uwanjani pia jicho ndilo hutangulia. Liende kwenye shabaha inayofuata, bastola ilifuate, na kijino kikionekana pale unapopataka, bana. Ukiipeleka bastola kwanza na jicho likaifuata, inapita shabaha halafu inarudi, na katika kupita na kurudi ndimo sekunde zinamoishia.

Kabla ya kupiga, kikosi, yaani wachezaji wanaozunguka steji pamoja, hupewa dakika chache kuitembelea steji mikono mitupu. Dakika hizo ndizo ninazozithamini kuliko zote. Nasimama kila kituo na kuinamisha kichwa pale pale kitakapokuwa, kwa sababu shabaha unayoiona ukiwa wima inaweza kupotea ukikunja magoti. Nahesabu risasi. Katika daraja la bastola zisizorekebishwa, magazini haianzi na zaidi ya risasi 15, kwa hiyo naamua mapema nitaibadilisha wapi, na siku zote naibadilisha nikiwa mwendoni, kamwe si nikiwa nimesimama mbele ya shabaha. Kisha naenda kando, nafumba macho, nautembea mpango tangu mwanzo. Nikikwama pahali, najua nitakwama hapo hapo taima ikilia. Mpango wenyewe nauchagua mwepesi. Wapo wanaopanga njia za ujanja za kuokoa hatua mbili. Mimi nimeona kwamba mpango ambao huwezi kuusema kwa maneno machache haukai kichwani moyo ukianza kwenda mbio.

Na moyo utakwenda mbio. Msimamizi akikwambia ujaze na ujiandae, unachomoa bastola ikielekea kwenye tuta, unasukuma magazini mpaka uisikie ikikaa, unavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoingiza risasi ndani ya chemba, unairudisha bastola alani, mikono inashuka ubavuni. Anauliza kama uko tayari. Ukikaa kimya anahesabu kwamba uko tayari, na anakwambia usubiri. Kutoka neno hilo hadi mlio wa taima hupita kati ya sekunde 1 na 4, na hujui itakuwa ngapi. Kwenye kimya hicho vikinga masikio vinakurudishia pumzi yako mwenyewe, na jasho linashuka shingoni. Mimi huyaweka macho kwenye sehemu ndogo kabisa ya shabaha ya kwanza, tundu lililobandikwa karatasi kama liko, na sifikirii shabaha ya pili. Kasi haifikiriwi pale. Ilishafikiriwa nyumbani.

Ukimaliza, unaonyesha chemba tupu, unafyatua bastola tupu kuelekea kwenye tuta, unairudisha alani, na uwanja unatangazwa kuwa salama. Hapo kikosi kizima kinasogea. Msimamizi anasoma kila shabaha kwa sauti, nawe au mwenzako anayekuwakilisha mnatembea naye. Risasi ikigusa mstari baina ya A na C, unapewa ile ya juu. Ikiwa mashaka, huletwa kipimo cha plastiki chenye duara ukubwa wa risasi, kinawekwa juu ya tundu, vichwa vinainama, na mara nyingi ni upana wa unywele unaoamua. Usiguse shabaha kabla haijasomwa. Ikishasomwa, kazi ya kubandika ni ya wote, awe wakili, fundi au bwana mwenye mashamba, kila mmoja na rola yake ya vibandiko, na wengine wanasimamisha vyuma vilivyoangushwa, maana baadhi ya shabaha ni za chuma. Vyuma hivyo havipigwi kwa karibu chini ya mita 7, kwa sababu vipande vya risasi huruka, na ndiyo maana miwani haivuliwi hata na anayetazama.

Sisi wa pwani tuna mashaka yetu ambayo wa Nairobi hawayajui. Chumvi ya hewani hula chuma hata bastola ikiwa imelala. Nikikaa wiki bila kuifuta, madoa ya kutu yanaanza kwenye springi za magazini na kwenye skrubu za kile kijino. Kwa hiyo naifuta kwa kitambaa chenye mafuta machache, hata kama sijaitoa kasha. Machache, kwa sababu mafuta mengi na mchanga wetu hufanya tope, na magazini iliyoangushwa mchangani lazima ifunguliwe na kupigwa brashi kabla ya steji inayofuata. Wakati wa kaskazi viganja vinarowa mpaka mpini unateleza, na miwani inafunga ukungu wakati ule ule msimamizi anapokwambia usubiri. Natembea na unga wa chaki na kitambaa kikavu cha pamba, na maji ya kunywa kuliko ninavyodhani nitahitaji.

Kuna jambo zito zaidi, na sipendi kulipita. Shangazi yangu yuko kaunti ya Lamu. Mwezi Juni mwaka 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, watu wa kule waliishi muda mrefu na amri ya kutotoka usiku, na kwa wengi wao mlio wa bunduki una sura na majina. Aliposikia nacheza mchezo huu aliniuliza, "Baba, kitu hicho kinakupa nini?" Nilimjibu kwamba kimenifundisha kukiogopa inavyostahili kuogopwa. Hakuridhika, na ana haki yake. Kwa heshima yake na ya wengine kama yeye, bastola yangu haionekani mtaani, haipigwi picha, haizungumzwi barazani. Mchezaji anayeinua shati kahawani ili watu waione amewakosea majirani zake na ameukosea mchezo, na mimi simwiti mwenzangu.

Mchezo huu nao si mgeni Afrika. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Zürich, Uswisi, mwaka 1975, na ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Mwaka 2002 yalifanyika Pietersburg, Afrika Kusini, siku hizi Polokwane. Anayetaka kuona ninachokisema kuhusu miguu na macho amtazame Mfaransa Eric Grauffel, bingwa wa dunia wa mara nyingi. Usitazame mikono yake. Tazama anavyoondoka kituoni wakati risasi ya mwisho bado inatoka, na anavyofika kingine kichwa hakijapanda wala kushuka.

Kijana anayeniuliza aanzie wapi namwambia aje kwanza bila bastola. Avae miwani na vikinga masikio, achukue rola ya vibandiko, akae na kikosi tangu asubuhi mpaka jioni. Atasikia amri mpaka zimkae, ataona nani anatolewa na kwa nini, na atajua kama jua na kusubiri anavistahimili, maana siku nzima ya mashindano hupiga kwa dakika chache tu na saa zilizobaki anawafanyia wenzake kazi. Akitaka kuendelea, leseni yake ipite njia ya sheria hatua kwa hatua, bila mkato. Vifaa si vingi: bastola ya milimita 9 isiyochezewachezewa, mkanda mgumu usiopinda, ala inayofunika kifyatulio chote, magazini nne au tano pamoja na vifuko vyake, miwani mizuri. Pesa iliyobaki aitie kwenye taima kabla ya kuitia kwenye risasi. Akishafika hapo tutaanzia chumbani kwangu, bastola tupu, na nitakuwa nikimtazama kidole.